Mashine ya milioni 84 iliyonigharimu milioni 137 kabla haijakamua tone la kwanza

Daftari ninaloandikia haya ni lile lile nililopigia hesabu Mei 2022, nikiwa nimekaa kwenye gunia la mashudu, yaani makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua, nyuma ya kibanda changu hapa Singida. Ukurasa wa kwanza una mistari sita tu. Mstari wa mwisho unasema: "Italipa ndani ya mwaka mmoja." Nimeupigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu.

Kwa hesabu ya mistari sita niliweka rehani hati ya nyumba ya familia. Naandika kwa sababu kila msimu anakuja mtu kuniuliza bei ya mashine ya kukamua alizeti, na karibu wote hilo ndilo swali lao la kwanza.

Nilianza mwaka 2016 na mashine ndogo, ya kukamua tani moja na nusu kwa siku ikiamka vizuri. Biashara haikuwa kubwa lakini ilisomesha watoto. Kisha ikaja 2022. Februari vita vilianza Ukraine, na Ukraine na Urusi ndizo zinazoongoza duniani kwa kuuza mafuta ya alizeti nje. Aprili 28 Indonesia ikazuia mafuta ya mawese kutoka nje ya nchi yake, zuio lililodumu hadi Mei 23. Bei ya mafuta ya kula ikapanda dunia nzima, na huku kwetu dumu la lita 20 nikawa naliuza shilingi 96,000 na wateja wanapanga foleni. Nilikuwa nakataa oda. Kwa mfanyabiashara, kukataa oda kunauma kuliko hasara, na mimi maumivu hayo ndiyo yaliyonisukuma.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Mashine mpya kutoka China, pamoja na chekeche na chujio, hadi ifike Dar es Salaam: milioni 84. Jengo la kuiweka: milioni 18. Jumla milioni 102. Uwezo wake, kwa mujibu wa karatasi ya muuzaji, tani 10 kwa siku. Siku za kazi kwa mwaka, 250. Faida kwa kila tani ya mbegu baada ya kutoa gharama, shilingi 40,000. Zidisha: milioni 100 kwa mwaka. Gharama milioni 102, faida milioni 100. Mwaka mmoja na wiki moja, mtaji umerudi.

Baba mdogo, mwalimu mstaafu wa hesabu, alilisoma daftari lile kimya mpaka chai ikapoa.

"Mwanangu, hizi siku 250 umezitoa wapi?"

"Nimetoa Jumapili na sikukuu, baba, na siku nyingine za matengenezo."

"Mbegu zinapatikana siku 250?"

Nilimjibu kwamba nitanunua nyingi wakati wa mavuno na kuhifadhi. Hakuniuliza tena. Leo ningempa chochote ili siku ile angeendelea kuuliza, maana swali lililofuata lilikuwa rahisi: kwa pesa gani?

Alizeti ya kwetu inavunwa kati ya Mei na Julai. Ukichelewa, kuanzia Novemba hivi mbegu inakuwa ya kutafuta kwa tochi, na anayeuza anajua unaitafuta. Kwa hiyo mwenye mashine ana njia mbili: anunue mbegu za miezi mingi kwa mkupuo, au mashine ilale. Sasa piga hesabu ambayo mimi sikuipiga. Tani 10 kwa siku, siku 25 za mwezi, ni tani 250. Mwaka ule mbegu nilinunua shilingi 1,050 kwa kilo. Mwezi mmoja tu wa kuilisha mashine ile ungehitaji milioni 262 na nusu. Mashine ya milioni 84 inakula mbegu za mara tatu ya bei yake ndani ya siku 30! Na mafuta hayalipwi papo hapo; wauza jumla wa mjini wanachukua leo, wanalipa baada ya wiki tatu. Pesa ya mbegu, pesa iliyo mikononi mwa wateja, pesa ya madumu na vibarua, yote hiyo ni sehemu ya mradi kama ilivyo injini na shafti. Mimi niliiacha nje ya hesabu kabisa, na benki nayo haikuniuliza.

Mkopo ulitoka Julai 2022: milioni 70, riba asilimia 17 kwa mwaka, miaka mitatu, miezi mitatu ya kupumua kabla ya marejesho kuanza Oktoba. Kila mwezi milioni 2 na laki 5. Zilizobaki nilitoa mfukoni. Muuzaji aliahidi mashine itakuwa Singida Oktoba, na mimi nikapanga maisha yote juu ya neno hilo.

Hapo nilifanya kosa ambalo bado linanikosesha usingizi nikilikumbuka. Nilimlipa muuzaji pesa yote kabla mzigo haujapanda meli. Sikubakiza hata asilimia 10 ya kumlipa baada ya mashine kuwaka na kukamua mbele ya macho yangu. Kuanzia siku ile simu zangu zilipokelewa kwa adabu na bila haraka yoyote. Mkataba wetu haukuwa na tarehe ya kufika wala fidia ya kuchelewa. Ulikuwa proforma, yaani karatasi ya bei ya awali, yenye muhuri. Kama unanunua mashine, pesa ya mwisho ibaki kwako. Ndiyo inayomfanya fundi wao apande basi.

Kosa la pili nililifanya Septemba. Jengo lilianza kumeza pesa: sakafu ilihitaji zege nene kuliko nilivyodhani kwa ajili ya mtikisiko, na bati zilipanda bei. Ili kuziba pengo nikauza mashine yangu ndogo kwa milioni 7. Ilikuwa inafanya kazi. Niliiuza ya zamani kabla ya mpya kufika, tena nikiwa na tani 25 za mbegu stoo nilizozinunua kwa bei ya juu kabisa ya msimu ili "mashine mpya ikifika isikae njaa". Mashine ndogo ingezimaliza tani zile ndani ya siku 17, nikauza mafuta bei ikiwa bado iko juu.

Mzigo ulifika bandarini Desemba. Ukafika Singida Januari 2023, baada ya gharama za wakala, lori na winchi ya kushusha ambazo sikuziweka popote kwenye mistari yangu sita. Mashine ikakaa sakafuni, inang'aa, haiwezi kuwaka. Ilihitaji umeme wa fezi tatu, na laini iliyopita mtaani kwetu haikuwa na transfoma ya kubeba mzigo ule. Hilo silaumu mtu mwingine. Ombi la umeme nililipeleka Novemba, wakati ningepaswa kulipeleka siku ileile niliyoanza kuwaza mashine. Ilinigharimu milioni 14 na nusu na wiki nyingi za kusubiri. Katika wiki hizo kila tarehe 28 milioni 2.5 ilikuwa inatoka benki. Nililipa marejesho matano, milioni 12.5, kabla ya tone la kwanza la mafuta.

Tone hilo lilitoka Machi 2023. Nililia, na vibarua wakadhani ni furaha. Usiku ule nikajumlisha risiti zote. Mashine 84. Jengo 27. Umeme 14.5. Usafirishaji kutoka bandarini na kushusha 6. Fundi wa kufunga, nyaya za ndani na vipuri vya kuanzia 5.5. Milioni 137, bila riba. Nilikuwa nimekosea kwa theluthi nzima kwenye upande wa gharama, ambao ndio upande rahisi kukisia.

Upande wa mapato ulikuwa mbaya zaidi. Bei ya mafuta ilikuwa imeshuka. Dumu lile la 96,000 nililiuza 68,000. Hesabu yangu niliipiga kileleni. Nilichukua bei ya mwezi mmoja wa ajabu nikaitandaza juu ya miaka 10. Mtu akiniletea makadirio leo, cha kwanza ninachouliza ni bei aliyotumia ni ya mwaka gani, na kabla ya mwaka huo ilikuwaje. Angalia angalau misimu mitano nyuma. Wazee wa soko wanazikumbuka bei hizo kichwani, kaa nao.

Tani zile 25 zilikuwa zimekauka na panya wamechukua fungu lao, zikapima tani 24 na kilo 100. Nilipata hasara ya karibu milioni moja na nusu kwenye mzigo huo peke yake, ukiachilia mbali miezi saba ambayo pesa ililala stoo.

Kisha nikajifunza kuhusu asilimia. Karatasi ya muuzaji ilisema mashine inatoa mafuta asilimia 28 ya uzito wa mbegu. Mimi nilipata 25. Mbegu za kwetu nyingi ni za aina ya zamani ambazo wakulima wanajiwekea wenyewe kila mwaka; haziwezi kutoa mafuta kama mbegu chotara nzuri, na karatasi haikusema ilipimwa kwa mbegu gani. Asilimia tatu inaonekana ndogo. Lakini asilimia moja ya tani ni kilo 10 za mafuta, yaani karibu lita 11, na kwa bei ya dumu 68,000 hiyo ni shilingi 37,000. Faida niliyotegemea kwa tani nzima ilikuwa 40,000. Asilimia moja tu ya ukamuaji inabeba karibu faida yote. Ningejua hivyo, ningesafiri na magunia matatu ya mbegu zangu hadi kwa mtu mwenye mashine kama ile nikamwomba azikamue nikiwa nimesimama pale. Nimekuja kufanya hivyo baadaye, Kondoa, nikakuta jamaa aliyeinunua mwaka mmoja kabla yangu. Alinieleza kila kitu bure: shafti na pete zake zinalika baada ya muda gani, vipuri vinapatikana wapi, na kwamba tani 10 ni kwa saa 24 bila kuzima. Nauli ya kwenda Kondoa ingeniokolea mamilioni. Tena vipuri hivyo vinafuata dola. Mwaka 2022 dola ilikuwa takriban shilingi 2,300. Kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa karibu 2,500, na bei ya shafti ikapanda nayo.

Kilichoniokoa msimu wa 2023 ni kwamba bei ya mbegu nayo ilianguka. Nilinunua kwa takriban 600 kwa kilo. Nasema kiliniokoa huku nikijua walioumia ni wakulima, wakiwemo shangazi zangu wa Iramba waliolima ekari nyingi kwa kutazama bei ya mwaka uliotangulia, kama nilivyofanya mimi. Faida ya tani ikarudi kwenye 40,000.

Mwaka wa kwanza mzima mashine ilifanya kazi siku 94. Kwa wastani, tani sita kwa siku. Hesabu yake haihitaji kompyuta: tani 564, faida milioni 22 na nusu. Marejesho ya benki kwa mwaka ni milioni 30. Pengo la milioni 7.5 lilizibwa na ng'ombe wanne na kiwanja nilichokuwa nimemwekea binti yangu. Nilimwambia mwenyewe, jikoni, tukichambua mchele. Aliendelea kuchambua, kisha akasema, "Mama, nipe hilo daftari."

Binti yangu anasomea uhasibu. Ndiye aliyenifundisha kuangalia pesa ya kesho kwa macho ya leo. Ukiwa unalipa riba asilimia 17, shilingi utakayoipata mwaka ujao haina uzito wa shilingi iliyo mkononi. Milioni 22 na nusu ya mwaka wa kumi, ukiirudisha leo kwa kiwango hicho, ni kama milioni 4 na laki 7 tu. Tulirudisha mwaka mmoja mmoja, miaka 10 yote, tukajumlisha. Ikawa milioni 105. Mradi uliomeza 137 unarudisha 105 kwa thamani ya leo. Ukigawanya kienyeji, 137 kwa 22.5, unapata miaka sita na kidogo, unajiambia basi si mbaya, nitarudisha. Hesabu ile ya kienyeji inasahau riba. Nilikaa nayo ile namba siku mbili bila kumwambia mtu.

Siku ya tatu binti akaniuliza kama kuna kitu kwenye ile karatasi ninachoweza kukibadilisha. Gharama zilishaondoka. Bei ya mafuta siiwezi. Mtaji wa mbegu sina. Kikabaki kimoja: siku. Siku 271 kwa mwaka mashine ilikuwa imelala huku benki haijalala.

Hapo ndipo nikarudi kwenye kitu nilichokidharau nilipojiona nimekuwa mwenye kiwanda: kukamulia watu. Mkulima anakuja na magunia yake, analipa kwa gunia au ananiachia mashudu, anaondoka na mafuta yake. Faida ya tani ni ndogo kidogo, kama 30,000, lakini sihitaji hata shilingi moja ya kununua mbegu, na bei ikianguka hainiangukii mimi. Nikazunguka vijijini, Ilongero, Mtinko, nikazungumza na vikundi vya akina mama wanaoweka mbegu ndani wakisubiri bei. Mwaka uliofuata siku zikafika 171. Nusu mbegu zangu, nusu za watu. Faida ikawa kama milioni 36. Tulipoirudisha kwa thamani ya leo, miaka 10, mradi ulivuka milioni 160. Mashine ni ileile, deni ni lilelile. Tulichobadilisha ni siku inazozunguka na mfuko unaolipia mbegu.

Kuna uamuzi mwingine wa mwaka 2023 ambao nataka niuseme, maana ndio uliokuwa mgumu kuliko yote. Agosti 2022, katika joto lile la bei, nilimlipa fundi wa karakana moja milioni 6 za kuanza kunitengenezea mtambo mdogo wa kusafisha mafuta ghafi. Bei kamili milioni 45. Julai 2023 akapiga simu: matangi yako tayari, dada, malizia tuendelee. Zilibaki milioni 39. Moyo wote uliniambia nimalizie, kwa sababu nikiacha milioni 6 zinapotea. Mume wangu naye alisema hivyohivyo, na kila niliyemuuliza. Nikapiga hesabu na binti: mtambo ungeniongezea kama milioni 7 kwa mwaka kwa kiasi cha mafuta nilichokuwa nacho, baada ya kutoa kemikali, kuni za mvuke na gharama za kupata alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, kwa bidhaa mpya. Kwa thamani ya leo, milioni 32 na nusu. Natoa 39 ili nipate 32. Zile 6 haziingii popote kwenye swali hilo. Zimekwenda nikiendelea na zimekwenda nikiacha. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwambia fundi tuachane, akanirudishia milioni 2 kwa kuyauza matangi kwa mtu wa maziwa. Nyumbani hatukuongea vizuri kwa wiki nzima. Bado naamini ni uamuzi bora kuliko yote niliyofanya tangu nianze biashara.

Siku hizi mradi wowote, hata wa milioni tatu, unaandikwa kwenye safu tatu: mwaka mzuri, mwaka wa kawaida, mwaka mbaya. Kwenye safu ya mwaka mbaya naweka bei ya chini kabisa niliyowahi kuuzia, siku chache kabisa nilizowahi kufanya kazi, na ucheleweshaji wa miezi mitano. Kama safu hiyo inaonyesha nitauza kiwanja tena, sifanyi, hata safu ya kwanza iwe tamu namna gani. Juu ya gharama naongeza moja ya tano kwa ajili ya nisiyoyaona. Na baada ya mradi kuisha narudi kwenye ukurasa uleule kuandika kilichotokea kwa wino mwingine, pembeni ya nilichokisia. Kurasa hizo zinaniaibisha lakini ndizo zinazonirekebisha: nimegundua, kwa mfano, kwamba majengo yangu huzidi bajeti kila mara na mishahara haizidi kamwe.

Mkopo ulimalizika. Hati ya nyumba iko kabatini. Sasa naongeza ghala la tani 80, ili akina mama wa Mtinko waweke mbegu zao hapa baada ya mavuno na mimi niwakamulie hadi Februari. Safu ya mwaka mbaya inasema litalipa katika miaka minne na nusu, na halihitaji benki. Kuta zimefika kwenye linta. Bati bado, nasubiri mashudu ya mwezi huu yauzwe.